Lafudhi Siyo Matamshi, Jamani

Nimeulizwa tena: "Mwalimu, nifanye nini niongee kama Mmarekani?" Safari hii najibu kwa maandishi, ili atakayefuata nimtumie kiungo tu, niokoe pumzi.

Jibu fupi: usifanye lolote. Jibu refu ndilo hili, na naonya mapema kwamba nimeliandika nikiwa na kisirani.

Imani yenyewe inakwenda hivi. Ukiwa na lafudhi ya kwenu, basi Kiingereza chako ni cha kuombea maji. Ukibana pua, ukaviringisha ulimi, "water" ukaiita "wara", umeiva. Matokeo yake napokea wanafunzi wanaotema yai kwa madaha, lakini anayewasikiliza anabaki ametoa macho. Lafudhi anaisikia vizuri sana. Maneno ndiyo hayasikii.

Lafudhi ni ile rangi ya sauti inayokutambulisha umekulia wapi na katika lugha gani. Kila mtu anayo, hata huyo Mmarekani. Matamshi ni habari nyingine: neno ulilokusudia ndilo lililomfikia mwenzako, au limefika jingine? Mwaka 1995 Murray Munro na Tracey Derwing walichapisha utafiti ambao kila mwalimu wa Kiingereza alipaswa kuujua kama anavyojua jina lake. Waliwasikilizisha wazungumzaji wazawa wa Kiingereza sauti za watu ambao lugha yao ya kwanza ni Kimandarini, wakawataka waandike walichosikia na wapime ukali wa lafudhi. Mara nyingi msikilizaji aliandika sentensi nzima bila kukosea hata neno, na bado akasema lafudhi ni nzito. Yaani mambo hayo mawili hayatembei pamoja kama tunavyodhani.

Kama utafiti hauku­shawishi, mchukue Joseph Conrad. Alizaliwa 1857 katika familia ya Kipolandi, Kiingereza akaanza kukipata akiwa kijana wa miaka ishirini na ushee, kwenye meli za Waingereza. Akawa mmoja wa waandishi wakubwa wa riwaya katika lugha hiyo, na lafudhi yake nzito akafa nayo mwaka 1924.

Sasa tuje kwenye kinachoharibu kweli: mkazo. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo panaponiudhi.

Sisi mkazo hatuufikirii. Upo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi. Ongeza kiambishi nyuma ya neno, mkazo unasogea wenyewe: piga, pigana, pigania. Maneno ya kututega ni machache, kama "barabara" ya magari na "barabara" ya mambo kwenda sawasawa, na hata hapo sikio letu linanasa tofauti papo hapo. Kimombo hakina huruma hiyo. "Photograph" mkazo uko mwanzoni, "photographer" umehamia silabi ya pili, "photographic" ya tatu. Mswahili anaingia na kanuni ya kwao, anaipiga mhuri kila neno (herufi kubwa ndipo anapoweka mkazo): cate-GO-ry, eco-NO-my, develop-OP-ment. Hilo la mwisho nimeliandika vibaya makusudi, maana ndivyo linavyosikika kwa asiyetuzoea: kitu kimevunjika katikati.

Nilikuwa na kijana mmoja, r zake safi kabisa, amezitoa kwenye filamu. Akajirekodi akijiandaa kwa usaili. Akasema "cate-GO-ry" mara tatu. Nikamchezea rekodi hiyo rafiki yangu aliyelelewa kwa Kiingereza. Akauliza, "Huyo Gory ni nani?" Kijana alidhani r yake haijakolea. R haikuwa na kosa lolote! Msikilizaji wa Kiingereza hulishika neno kwa silabi yenye mkazo; ukiuweka pasipo pake, anafungua droo isiyo yake na kupekua humo wakati wewe umeshafika sentensi ya pili.

Na mkazo una upande wa pili, ambao karibu hakuna anayeniuliza. Silabi zisizo na mkazo hufifia. "Banana" imeandikwa na a tatu, lakini a inayotamkwa kwa ukamilifu ni ya katikati tu. Mbili za pembeni zimemezwa, zimekuwa mguno. Sisi irabu zetu hazifi. Kila a ni a, hata ukiwa na usingizi. Ndiyo maana mwanafunzi analalamika kwamba "wale wanaongea haraka". Mara nyingi si haraka. Anasubiri kusikia "kan" iliyo kamili katika "I can come", na haiji. Inayokuja ni "kn", imepita. Akiisikia imetamkwa wazi, mara nyingi mwenzake anasisitiza, au anasema "can't", na t imeishia mdomoni. Ukikosa hapo umekosa kama mtu anakuja au haji.

Vitabu vitakueleza kwamba Kiingereza hupiga mkazo kwa vipindi vinavyolingana na kwamba lugha kama yetu huzipa silabi muda sawa. Nami hufundisha hivyo, maana kunasaidia. Ila watafiti walipopima kwa vyombo, ule ulinganifu hawakuuona. Sikio linauhisi, saa inaukataa. Kitabini mwa mwanafunzi hilo huwa haliandikwi.

Mengine haraka haraka. Irabu: sisi tunazo tano, Kiingereza cha kusini mwa Uingereza huhesabiwa takriban ishirini, kwa hiyo "bad", "bud" na "bird" kwetu huishia chungu kimoja. Zitenganishe. Miisho: "asked" ina d iliyoandikwa na t inayotamkwa, na ndiyo inayoonyesha wakati uliopita; ukiidondosha umeidondosha jana yote. Na th? Acheni kunisumbua na th. Tunayo: thelathini, dhahabu. Wafaransa ndio wahangaike nayo, na hata wao mtaalamu wa isimu Jennifer Jenkins aliwaondolea mzigo mwaka 2000 alipoiacha nje ya orodha yake ya sauti za lazima ili watu wa lugha mbalimbali waelewane kwa Kiingereza.

Wapimaji nao wamehama. Mfumo wa Ulaya wa ngazi za lugha, ule wa A1 hadi C2, uliandika upya kipengele cha matamshi mwaka 2018 na kuacha kumfanya mzawa kuwa kipimo. Katika IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, matamshi ni kigezo kimoja kati ya vinne vya kuzungumza, na mtu anaweza kufika 8 kati ya 9 lafudhi yake ikisikika, mradi haizuii kueleweka.

Palipo pagumu kwangu ni hapa. Kuna mwajiri asiyesoma utafiti wala vigezo, anayesikia lafudhi akakata tamaa na mtu kabla sentensi haijaisha. Nimwambie nini mwanafunzi anayekwenda mbele ya mtu huyo? Nikimwambia "jivunie lafudhi yako", ni rahisi kwangu. Anayetafuta kazi si mimi. Nikimfundisha kubana pua, nimekubali upuuzi, tena upuuzi unaokula miezi ambayo angeitumia kwenye mkazo. Kwa sasa namweleza ukweli wa pande zote mbili na kumwachia aamue. Sijaridhika na jibu hilo.

Kwa wengine wote: fungua kamusi nzuri, tafuta kile kistari kidogo cha juu kinachotangulia silabi yenye mkazo. Anza na "economy", "economist" na "economic". Mbili za kwanza mkazo uko silabi ya pili, ya mwisho uko ya tatu. Jirekodi, sikiliza, rudia kesho yake. Ukishaziweza hizo bila kutazama, ndipo uniandikie kuhusu r.