Gati linaloelea: linavyofanya kazi na linapoharibikia

Gati linaloelea ni jukwaa lililofungwa juu ya maboya. Hupanda maji yakijaa na kushuka yakipwa. Tanga, siku za bamvua (bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida), tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Kwenye gati la nguzo, boti uliyoipanda asubuhi bila kuinama, mchana iko chini ya ngazi inayoteleza. Kwenye linaloelea, ubavu wa boti na sakafu haviachani. (Chelezo kinachoelea ni kitu kingine: hujazwa maji kizame, meli iingie, kisha maji yavutwe nje ili meli inyanyuke itengenezwe.)

Kuelea ni hesabu ya uzito. Pipa la lita 200 lililozibwa, likizama lote baharini, husukumwa juu kwa kilo 205 hivi. Ondoa kilo 20 hivi za pipa lenyewe kama ni la chuma, ondoa mbao, kisha pakia nusu tu ya kinachobaki. Abiria hawajipangi sawasawa. Wote hukimbilia upande boti inakotokea. Mapipa ya plastiki ni bora, maana ya chuma huliwa na kutu pale pale maji yanapoishia.

Lakini magati mengi hayafi kwa maboya, hufa kwa minyororo inayoyafunga kwenye sakafu ya bahari. Fundi huja siku za maji mafu (bahari inapojaa na kupwa kidogo), anapima kina, anakata mnyororo. Bamvua likifika mnyororo unakakamaa, pembe ya gati inavutwa chini na pingu, yaani chuma kinachofungia mnyororo kwenye gati, inakatika. Pima kwa maji makuu kabisa, ongeza urefu wa kutosha kwa mawimbi, na pitisha minyororo kwa kupishana chini ya gati ili mikuku (miti ya chini) ya boti isinase. Ukitumia nguzo, na pete za gati zinazopanda na kushuka juu yake, badala ya minyororo, vichwa vya nguzo vipite maji makuu, la sivyo gati litachomoka.

Daraja la kushukia liwe na bawaba nchi kavu na magurudumu upande wa gati; ukilikaza kote kuwili litavunjika. Kwa mteremko wa mita 3.5, daraja la mita 7 ni kama ngazi. La mita 14 mtu hupita na ndoo ya samaki.

Bagamoyo kazi ni ngumu zaidi. Pwani yake ni tambarare, maji yakipwa mchanga hubaki wazi mbali, na gati lililowekwa karibu hukalia mchanga huku mawimbi yakiligongesha maboya. Hapo lazima daraja refu la nguzo litangulie hadi kwenye kina.