Je, wajua kwa nini sukari ikishuka mara kwa mara mgonjwa huacha kuisikia?

Watu wengi wanaoishi na mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza wameliona jambo hili. Mwaka wa mwanzo, sukari ikishuka kidogo tu anatetemeka, anaroa jasho, moyo unamwenda mbio, anaomba chai ya sukari kabla hata hajapimwa. Miaka inapita. Siku moja mashine inasoma 2.6 kwa milimoli, yaani chini sana, naye amekaa barazani anasema, "Mimi mzima, niacheni." Nyumbani wanaambiana kuwa mwili umeshazoea, na wengine wanalisema hilo kwa furaha. Ni kweli umezoea, na hapo ndipo ilipo hatari.

Ubongo ni kiasi cha asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake, na hauna akiba ya maana ya sukari. Ndiyo maana mwili usio na kisukari huulinda kwa hatua. Sukari ikianza kuteremka, kongosho hupunguza insulini, homoni inayoteremsha sukari. Ikizidi kuteremka, kongosho hilo hilo hutoa glukagoni, homoni inayolifanya ini liachie sukari liliyoiweka. Pamoja nayo huja adrenalini, homoni inayouamsha mwili penye hatari. Kule kutetemeka na moyo kudunda, tunakokuita dalili za sukari kushuka, kwa sehemu kubwa ni adrenalini ikifanya kazi yake.

Mwenye kisukari cha aina ya kwanza hana hatua ya mwanzo. Kinga za mwili wake zimeziua seli zinazotengeneza insulini, na insulini aliyonayo imeingia kwa sindano. Ikishachomwa imechomwa, itafanya kazi hata kama sukari tayari iko chini. Glukagoni nayo haikai sana. Kwa wengi, miaka michache baada ya maradhi kuanza, kongosho huacha kuitoa sukari inaposhuka, ingawa bado linaweza kuitoa kwa sababu nyengine. Hubaki adrenalini peke yake.

Sasa, adrenalini ndiyo inayodhoofishwa na kushuka kwa mara kwa mara. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, daktari Philip Cryer wa Marekani na wenzake walionesha kuwa sukari ikishuka alasiri moja tu, kesho yake mwili hujibu kwa unyonge ikishuka tena. Aliyekuwa akisikia kwenye 3.5 sasa anasikia kwenye 2.8, halafu chini ya hapo. Ni kama aliyehamia jirani na mashine ya kusaga: wiki ya kwanza hapati usingizi, baadaye haisikii kabisa. Na kwa vile ubongo wenyewe huanza kuyumba kwenye 2.8 hivi, fahamu huvurugika kabla jasho halijatoka. Kwa hivyo akiisukuma soda anayopewa, msiseme ni ukaidi. Kiungo ambacho kingemwambia kuwa anaumwa ndicho kilichoishiwa sukari.

Chukua kijana wa Mtambwe, Pemba, anayechoma insulini ya mchanganyiko, ya haraka na ya polepole pamoja, asubuhi na jioni. Ile sehemu yake ya polepole hupata nguvu kubwa masaa kadhaa baadaye, pengine wakati yuko juu ya mkarafuu na chakula cha mchana hakijafika. Misuli inayofanya kazi nayo inavuta sukari, na itaendelea kuivuta hadi usiku, akiwa amelala. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, wapo watakaodhani kalewa, na wapo watakaosema kapandwa na shetani. Dua haina ubaya, lakini sukari itangulie.

Na iwe sukari hasa. Chini ya 3.9, au 70 kwa mashine zinazosoma miligramu, kiasi cha gramu 15 kinatosha: vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, au nusu gilasi ya soda ya kawaida. Halua tamu yetu haifai kwa kazi hii, kwa sababu samli huichelewesha. Apimwe tena baada ya dakika 15, na kama bado iko chini apewe tena. Aliyezimia asitiwe kitu mdomoni. Alazwe ubavu, achomwe glukagoni kama ipo, na apelekwe hospitali.

Ramadhani inataka neno lake. Wagonjwa wengi wa aina hii hushauriwa wasifunge, na ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qur-ani. Lakini wapo wanaofunga, na kati yao aliyeacha kuisikia sukari yake ndiye ninayemhofia zaidi. Akifika chini ya 3.9 afungue, hata kama magharibi imekaribia.

Habari njema ni kwamba hali hii mara nyingi hurudi nyuma. Tafiti za miaka hiyo hiyo ya 1990 zilionesha kuwa mtu akiepushwa na kushuka kwa wiki mbili tatu, dalili huanza kurudi. Si kwa kula sukari ovyo, bali kwa kukubaliana na daktari sukari ikae juu kidogo kuliko alivyozoea, kupunguza dozi inayohusika, kupima kabla ya kulala, na kutochoma sindano pahala pamoja mpaka ngozi ikafanya uvimbe, maana insulini ya hapo hainyonywi kwa mpango. Hapa nina lawama kidogo kwetu sote, jamaa na wauguzi: daftari lililojaa 3.8 na 4.0 tunalisifu kuwa zuri, bila ya kuuliza 3.1 zilikuwa ngapi.

Kwa wanaopanda mikarafuu au kuendesha bodaboda, kuna kipimo kinachotumiwa na madereva wa Uingereza wenye kisukari: chini ya 5 kula kwanza, na kama ilishuka chini ya 4, baada ya kurudi juu ya 5 subiri dakika 45. Mashine itasoma vizuri mapema, lakini ubongo huchelewa kurudi sawa.