Si kumbukumbu tu inayovuja

Vijana ninaowafundisha lugha ya programu ya C++ hapa Kisumu huniambia: "Mwalimu, klasi mzazi ikikosa distrakta ya virtual, tunapoteza kumbukumbu kidogo tu." Sivyo. Klasi ni kiolezo cha vitu vya programu, na klasi mtoto hurithi kwa mzazi. Distrakta ni kazi inayofanya usafi kitu kinapofutwa, na neno virtual huifanya ichaguliwe kulingana na aina halisi ya kitu. Ukifuta kitu cha klasi mtoto kupitia kielekezi (kinachoshika anwani ya kitu kwenye kumbukumbu) cha mzazi asiye na distrakta ya virtual, kanuni za C++ hazikuahidi lolote. Mara nyingi distrakta ya mtoto hurukwa: faili haifungwi, kufuli linalozuia sehemu mbili kutumia kitu kimoja kwa pamoja haliachiliwi, na sehemu nyingine ya programu inalisubiri bila mwisho. Klasi ikirithi wazazi wawili, anwani ya kumbukumbu inayorudishwa kwa mfumo inaweza kuwa si ile iliyotolewa mwanzo, na programu ikaanguka. Hilo ndilo huninyima usingizi, kwa sababu majaribio yanaweza kupita salama. Andika virtual kwenye distrakta ya mzazi. Za watoto hufuata zenyewe.