Je, wajua kwa nini kuongeza kanuni moja kunaweza kuharibu mfumo mzima wa maarifa, yaani programu iliyobeba ujuzi wa wataalamu?

Mwaka 1978, John McDermott wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, alianza kuunda programu iliyokuja kuitwa XCON. Kazi ya programu hiyo ilikuwa kukagua oda za kompyuta za VAX katika kampuni ya Digital: nyaya zinatosha? Kuna kifaa kimesahaulika? Kipi kikae kabati gani?

Ujuzi wa mafundi uliandikwa kama kanuni za "ikiwa… basi". Mojawapo, kwa ufupi: ikiwa tumefika hatua ya kupanga pawa saplai, nafasi ipo kabatini, pawa saplai yenyewe haipo, na volti na hezi (masafa ya umeme) zinajulikana, basi tafuta inayolingana uiongeze kwenye oda.

Kanuni hizi hazikai kwenye foleni. Injini ya mfumo hutazama hali ilivyo, kisha huchagua inayofaa. Ndiyo maana ilionekana kwamba kuongeza maarifa ni kuongeza kanuni tu, basi.

Tatizo lilijificha hapo hapo. Kanuni mbili zikifaa kwa wakati mmoja, aghalabu hutangulizwa ile yenye masharti mahususi zaidi. Ukiandika leo kanuni yenye sharti moja la ziada, unaweza kuizima ya mwenzako iliyofanya kazi miaka mitatu, na mfumo usitoe hata ujumbe wa kosa. Oda zinaendelea kutoka, ila zina kasoro. Kwangu mimi, hili ni kosa baya kuliko programu kukwama, maana iliyokwama utaijua.

Kufikia 1987 XCON ilikuwa na kanuni 6,200, na karibu nusu zilibadilika kila mwaka. Ilifanya kazi vizuri bado, lakini kuibadilisha kulizidi kuwa kugumu. Wahandisi wakabuni lugha mpya, RIME, ili kila kanuni iwe na mahali pake na jukumu linalojulikana.

Ulaya nako, watafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walikuwa wakijenga mbinu ya KADS, baadaye CommonKADS. Kabla ya kuandika msimbo, unaeleza mambo matatu mbalimbali: mtaalamu anajua nini, anafikiri kwa hatua zipi, na kazi inalenga nini. Kwa mfano wetu, volti za kila kifaa zinakaa upande wake, na hatua za kupendekeza na kukagua upande wake. Kikija kifaa kipya, unagusa upande wa kwanza tu.