Hamptons: yanayosemwa na yaliyopo

"Hamptons ni mji." Hakuna mji wenye jina hilo. Ni miji midogo na vijiji vya Southampton na East Hampton, mashariki ya kisiwa cha Long Island, jimbo la New York. Montauk, ncha ya mwisho, iko kilomita 190 hivi kutoka Manhattan.

"Fukwe zote ni za matajiri." Hii ndiyo imani iliyoota mizizi kuliko zote. Mwaka 1686 Dongan, gavana wa koloni la New York, alitoa hati zilizokabidhi ardhi ya pamoja kwa wadhamini kwa niaba ya wakazi. Wadhamini wapo hadi leo, huchaguliwa kwa kura, na sehemu kubwa ya ufukwe ni ya umma. Zipo kesi, na nyingine wenye nyumba wameshinda, kama ile ya ufukwe wa Napeague mwaka 2021. Lakini kwa kawaida mchangani hafukuzwi mtu; kinachofukuzwa ni gari. Fika mwisho wa njia ya ufukweni, kibao kinakungoja: kuegesha ni kwa wenye kibali. Mkazi anacho, mgeni huuziwa kwa mamia ya dola, tena vichache. Bahari ni bure, pa kuacha gari ndipo penye bei. Ujanja wenyewe huo! Mwenye baiskeli anapita zake.

"Matajiri ndio walioanza." Waingereza walifika Southampton mwaka 1640 na kuwakuta Washinnecock, wenyeji wa asili. Mwaka 1703 hao walipewa haki ya kukaa vilimani kwa miaka elfu moja. Mwaka 1859 mkataba ukavunjwa. Vilima vikachukuliwa, na mwaka 1891 ikaanzishwa huko klabu ya gofu yenye jina lao, Shinnecock Hills. Serikali kuu ya Marekani ilikuja kuwatambua rasmi mwaka 2010.

"Ni pa wazungu tu." Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, familia za Wamarekani weusi, zilizobaguliwa kwingine, zilinunua viwanja katika kijiji cha Sag Harbor, mitaa ya Azurest, Ninevah na Sag Harbor Hills.

"Kila aendaye huko anakwenda kustarehe." Simama kando ya barabara namba 27 alfajiri ya siku ya kazi. Foleni ni ya pikapu zenye mashine za kukatia nyasi, mafundi bomba, wasafishaji wa mabwawa ya kuogelea. Wengi kodi ya huko hawaiwezi. Alasiri foleni ileile inageuka, inarudi magharibi.