Siku 93 bila kuona nchi kavu

Wageni wanaosimama mbele ya nguzo ya Vasco da Gama pale Malindi huwa wanaujua mwaka, 1498, na wanajua ni mji gani ulimpokea vizuri na upi haukumpokea. Lakini merikebu zenyewe ni kama ziliibuka tu majini asubuhi moja. Kwa hiyo sisi tunaofundisha historia ya bahari hupenda kuwarudisha nyuma miezi tisa, hadi Lisbon, tarehe 8 Julai 1497.

Vyombo vinne ndivyo vilivyotweka matanga siku hiyo: São Gabriel alimokuwa Vasco mwenyewe, São Rafael ya kaka yake Paulo, Berrio ya Nicolau Coelho iliyokuwa ndogo zaidi, na chombo kimoja cha akiba ya chakula. Watu wote walikuwa kati ya 150 na 170 hivi. São Gabriel haikuwa jitu la baharini. Mchoro wake haukusalia, ila wanahistoria hukadiria tani kama 100 na urefu usiofika mita 30. Hata hizo tani hazikuwa kipimo cha uzito. Wareno walihesabu ni mapipa mangapi makubwa ya divai yangeenea ndani ya chombo.

Usimamizi wa ujenzi alipewa Bartolomeu Dias, aliyekuwa ameizunguka Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1488 kwa karaveli na kuona jinsi chombo chepesi kinavyoteswa na bahari ya kusini. Safari hii zikaundwa merikebu nene, zenye tumbo pana. Milingoti miwili ya mbele ilibeba matanga ya mraba, ya kusukumwa na upepo wa nyuma. Mlingoti wa galme, kule shetri, yaani nyuma ya chombo, ulikuwa na tanga la pembetatu, na baharia wa Lamu angeliona tanga hilo angelijua ni ndugu wa lile la jahazi lake.

Matanga ya mraba yana shida moja: hayapendi kwenda joshi, yaani kuukabili upepo. Na hapo ndipo Atlantiki inapotofautiana na bahari yetu. Sisi tumezoea pepo zinazopokezana, kaskazi ikimaliza zamu yake inakuja kusi, na nahodha akikosa huu atasubiri ule. Kusini mwa Atlantiki upepo hausubiriwi. Mwaka mzima unavuma kutoka kusini mashariki, usoni kabisa mwa anayetaka kuambaa na pwani ya Afrika kwenda chini. Umbo lake ni la gurudumu. Mwenye akili huachana na pwani, hujitupa magharibi katikati ya bahari, huteremka mpaka zinapoanza pepo za magharibi, ndipo zimrudishe Afrika. Da Gama alifanya hivyo hivyo. Aliondoka kisiwa cha Santiago, Cabo Verde, tarehe 3 Agosti, na nchi kavu hakuiona tena hadi tarehe 4 Novemba. Christopher Columbus, miaka mitano kabla yake, alitoka visiwa vya Canary akafika Bahamas kwa siku 36.

Tunayo shajara ya mtu aliyekuwa ndani ya São Rafael. Ukiifungua ukitarajia kusimuliwa siku hizo 93, utavunjika moyo. Tarehe 18 Agosti foromali kubwa ya chombo cha Vasco, boriti inayobeba tanga, ilivunjika, wakasimama siku mbili kuitengeneza. Tarehe 22 wakaona ndege. Kisha kimya hadi tarehe 27 Oktoba, walipoona nyangumi. Miezi miwili mizima mwandishi hakuona la kuandika, na kwangu kimya hicho kinaeleza hali ya chombo kuliko maelezo mengi.

Kwani ni nini kilichokuwepo cha kuandika? Wakati ulipimwa kwa saa ya mchanga ya nusu saa, na kijana mdogo ndiye aliyeigeuza. Akisinzia, hesabu ya safari nzima inapotea. Zamu moja ilikuwa ya saa nne. Kamanda alikuwa na chumba shetri, wengine walijilaza popote palipopatikana ubao mkavu. Mabaharia wa Ulaya hawakuwa bado wameiga zile machela za kulalia za wenyeji wa Karibi. Moto uliwashwa juu ya sitaha, ndani ya kisanduku chenye mchanga, na bahari ikichafuka ulizimwa, watu wakala vitu baridi. Maji ya ngama, yanayojikusanya chini kabisa ya chombo, yalipampiwa kila siku, nayo yalinuka.

Chakula kilikuwa biskuti ngumu, nyama ya ng'ombe au ya nguruwe iliyotiwa chumvi, mafuta ya zeituni, siki, divai na takriban lita moja na nusu ya maji kwa mtu kwa siku. Baada ya wiki kadhaa maji ya pipa huota ukijani na biskuti huingia wadudu. Hata hivyo hatari kubwa ilitokana na kisichokuwemo kabisa: matunda na mboga mbichi.

Walipoiona nchi walivaa nguo zao nzuri na kupiga mizinga. Siku chache baadaye wakatia nanga katika ghuba ya Santa Helena, kaskazini ya ilipo Cape Town leo, wakasafisha vyombo na kushona matanga. Da Gama alishuka na astrolabu kubwa ya mbao kupima jua, maana juu ya sitaha inayoyumba kipimo hakitulii. Mbele kidogo, walipokwisha kuizunguka Rasi, chombo cha akiba kilivunjwavunjwa. Januari, kusini mwa Msumbiji, Mreno mmoja aitwaye Martim Afonso aliyewahi kukaa sana Kongo aliweza kuelewana na wenyeji, jambo ambalo msemaji yeyote wa lugha ya Kibantu halimshangazi.

Mwezi huo huo kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda na mboga mbichi, kikawashika. Shajara inasema mikono na miguu ilivimba, na fizi zikaota juu ya meno hata watu wasiweze kula. Aprili, walipofika Mombasa, waliletewa machungwa, ndimu na miwa. Wagonjwa wakapona, na mwandishi akaisifu hewa nzuri ya mji.

Wangejua dawa ni lile chungwa, labda marejeo yangekuwa mengine. Kwenda Calicut, bandari ya India, rubani waliyepewa Malindi aliwavusha kwa siku 23. Kurudi, hawakusubiri kaskazi ikolee. Walitoka pwani ya India tarehe 5 Oktoba 1498, upepo ukafa, ukawageuka, na Afrika waliiona tarehe 2 Januari. Ni siku 89, karibu sawa na zile za Atlantiki, ila safari hii walikufa watu 30, na kila chombo kikabaki na wazima saba au wanane wa kukiendesha.

Mabaharia wa vyombo vitatu hawakutosha tena. Kwenye miamba iliyo karibu na Mtangata, kusini mwa Tanga, walihamisha shehena na kuichoma moto São Rafael. Sanamu ya mbao ya malaika Rafaeli waliichukua, na hadi leo ipo katika jumba la makumbusho ya bahari la Lisbon.