5.1 kwenye mashine, kilo 49 kwenye mizani

Mwezi uliopita, Jumatatu, sijamaliza hata chai, simu ikalia. Picha ya mashine ya sukari inasoma 5.1, na chini yake mikono miwili ya kushukuru. Basi. Mtumaji ni kaka wa mgonjwa wangu, kijana wa miaka thelathini na kitu ambaye kongosho lake kwenye picha ya CT limejaa mawe kama gunia la kokoto. Dakika mbili baadaye ikaja sauti: "Shikamoo daktari. Mdogo wangu amepona. Wiki ya pili hii hajachoma sindano, anakunywa dawa ya kusafisha kongosho."

Nikajibu kwa swali moja: ana kilo ngapi?

Kimya mpaka jioni. Kisha: "49." Miezi mitatu nyuma nilimpima mwenyewe, alikuwa na 56.

Hii ni mara ya ngapi sijui, kuhesabu nimeacha. Nimeshalieleza jambo hili, kwamba sukari kushuka si lazima iwe kupona, kliniki, msibani, na siku moja kwenye foleni ya benki kwa mtu ambaye hakuniuliza. Leo naliandika ili kesho nitume kiungo na ninywe chai yangu ikiwa ya moto.

Kongosho ni nyumba moja yenye wapangaji wawili. Mpangaji mkubwa, aliyejaza karibu nyumba yote, anatengeneza vimeng'enya vya kusagia chakula. Mdogo ni vile visiwa alivyoviona Paul Langerhans mwaka 1869 akiwa bado mwanafunzi Berlin, wala hakujua kazi yake. Havizidi asilimia 2 ya kongosho lote, lakini insulini inatoka humo, na glukagoni pia. Mwaka 1889 watafiti Mering na Minkowski kule Strasbourg walimtoa mbwa kongosho, naye akaanza kukojoa sukari. Tangu hapo hakuna aliyebisha kwamba kongosho likiondoka kisukari kinaingia. Sasa, moto ukizuka chumbani kwa mpangaji mkubwa, uwe wa pombe, mawe ya nyongo, upasuaji au saratani, godoro la mdogo nalo linaungua. Hicho ndicho kisukari tunachokiita aina ya 3c. Kongosho lililovimba mwaka baada ya mwaka huishia kuwa kovu, na kovu halisafishwi. Si kwa limao, si kwa mlonge, si kwa dawa zangu.

Basi hiyo 5.1 ilitoka wapi?

Hapa ndipo ninapopoteza subira, kwa hiyo nivumilieni. Kijana huyu kila akila tumbo linamkata mpaka mgongoni, kwa hiyo ameacha kula. Kile kidogo anachomeza kinapita bila kusagwa: choo chake kinaelea, kinang'aa mafuta, kinagoma kuondoka hata ukimwaga ndoo mbili, na harufu yake nyumba nzima wanaijua ila hakuna aliyewahi kumwambia daktari. Wanaona aibu. Wali na maharage ambavyo havikuingia kwenye damu vitaipandishaje sukari? Mashine haikudanganya. Ilisema ukweli kwamba kwenye damu hakuna chakula.

Halafu kuna glukagoni, ambayo hata baadhi ya wenzangu huisahau. Mtu mwingine sukari ikimshuka mno, glukagoni hutoka na ini likafungulia akiba yake. Mgonjwa wa 3c visiwa vikiungua vinaungua na hiyo pia, kwa hiyo akiba ipo lakini mwenye ufunguo hayupo. Ndiyo sababu sukari yao inaruka: leo 19, kesho 2.8 na jasho jembamba. Ndiyo sababu pia wao hawaingii sana kwenye ile hali ya asidi kwenye damu inayowalaza watoto wa aina ya 1. Watu wakisikia hilo husema, "Kumbe ni kisukari chepesi." Si chepesi. Pombe inalizuia ini lisitengeneze sukari mpya, na mnywaji asiyekula, asiye na glukagoni, aliyechoma insulini usiku, anakutwa asubuhi hajitambui. Hicho ndicho chepesi chenyewe.

Figo nazo zikichoka, insulini hukaa mwilini muda mrefu zaidi na dozi inapungua. Familia moja iliwahi kunipigia vigelegele ofisini kwa sababu nimempunguzia mzee wao sindano, na mimi wakati huohuo naandika rufaa ya kwenda kwa daktari wa figo. Sikujua nianzie wapi kuwanyamazisha.

Na dawa yenyewe ya kusafisha? Sijui ndani mna nini, na aliyeiuza nadhani naye hajui. Lakini katika nchi mbalimbali dawa za "asili" za kisukari zimepimwa maabara zikakutwa zimetiwa glibenklamidi, kidonge kilekile cha hospitali kinachokamua kongosho litoe insulini. Mtu anakikataa kwangu kwa sababu ni kemikali, anakwenda kukinywa kwenye chupa ya soda bila kujua dozi.

Wengine wanapima asubuhi tu, kabla ya kula. Pima saa mbili baada ya chakula cha mchana, tuongee. Na ukija na kipimo cha miezi mitatu (HbA1c, kinachopima sukari iliyonata kwenye seli nyekundu) kinachosema asilimia 5.4 huku una selimundu au umeongezewa damu juzi, hicho nakiweka kando. Seli nyekundu zilizoishi siku chache hazina muda wa kukusanya sukari.

Imani hii ya kuamsha kongosho kwa kufunga najua imetoka wapi, na ina chembe ya ukweli, ndiyo maana haifi. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti wa Uingereza uitwao DiRECT: watu wa kisukari aina ya 2 waliwekwa kwenye chakula cha kalori kama 850 kwa siku kwa miezi kadhaa, na baada ya mwaka mmoja asilimia 46 walikuwa chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Nauamini utafiti huo na nautumia kwa wagonjwa wangu wenye kitambi. Ila usomwe mpaka ukurasa wa pili. Walioingia walikuwa na BMI (uzito ukipimwa na urefu) ya 27 hadi 45, na aliyekuwa kwenye insulini hakuruhusiwa. Wale mafuta yamelikalia ini na kongosho, na seli za insulini zimezimia chini ya mzigo; ukiutua mzigo, baadhi zinaamka. Kwa kijana wangu seli hazijazimia. Zimekufa na kuzikwa kwenye kovu. Kumwambia mtu wa kilo 49 afunge siku arobaini ili aamshe kongosho ni kupiga ngoma makaburini.

Anayenitumia video za kufunga ili kongosho liamke kila wiki, ujue nazitazama. Mtu anayeongea mle ana mashavu.

Sasa nikiri kitu, maana nikiacha hapa nitakuwa nimedanganya upande wa pili. Kuna wanaopona kweli, au tuseme sukari yao inarudi na kukaa. Mtu analazwa na kongosho lililovimba ghafla kwa mara ya kwanza, labda jiwe la nyongo limeziba njia, sukari inapanda 16, tunamchoma insulini wodini. Wiki sita baadaye hahitaji chochote. Huo ulikuwa mshtuko wa mwili, na visiwa vyake viko salama. Shida ni kwamba siku anaporuhusiwa siwezi kukuambia huyu ni wa kundi gani. Uchambuzi mmoja uliochapishwa 2014, uliokusanya tafiti 24, ulikuta karibu mmoja kati ya wanne waliowahi kuvimba kongosho ghafla alikuja kuwa na kisukari. Kilichonishangaza ni kwamba ukali wa ugonjwa ule wa mwanzo haukutabiri sana nani atakipata. Nilizoea kuwaambia waliougua kidogo, "Wewe usiwe na wasiwasi." Nimeacha. Siku hizi nawaambia warudi kupima, mwaka wa kwanza na kila mwaka. Wengi hawarudi, na siwalaumu sana: nani anapanga foleni kwa ugonjwa ambao hana?

Na kosa langu jingine. Kuna baba mmoja nilimwandikia "aina ya 2" kwenye kadi, nikamtibu hivyo kwa miaka miwili, kwa sababu alikuwa na miaka 48 na ndicho tunachokiandika kwa kila mwenye miaka 48. Metformini, kidonge cha aina ya 2, ikamkata hamu ya kula, akazidi kukonda, nikamsifu kwa kupungua. Nilimsifu! Mpaka mkewe alipotaja choo. Tangu siku hiyo swali la choo huja kabla ya swali la dawa. (Na ukiwa umevuka 50, sukari imeanza ghafla na kilo zinaondoka zenyewe, mwombe daktari aliangalie kongosho kwa picha. Wakati mwingine kisukari hicho ni mjumbe wa saratani.)

Kuna pia vijana wasioonja pombe maishani, wana mawe kongoshoni. Daktari Zuidema aliwaandika Indonesia miaka ya 1950, mwenzake Geevarghese akawaona wengi Kerala, India. Kwa muda mrefu tulifundishwa kuwa ni muhogo, ile sumu yake. Panya na nyani walipolishwa, nadharia haikusimama vizuri, na wako wanaokula muhogo tangu kuzaliwa wakiwa na kongosho safi. Leo vinatajwa vinasaba, lishe, sigara. Mgonjwa akiniuliza, "Kwa nini mimi?" jibu langu ni fupi na haliniridhishi mimi mwenyewe. Majina nayo yanatembea: mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani liliweka kundi la kisukari cha utapiamlo, mwaka 1999 likalifuta na hawa wa mawe wakahamishiwa magonjwa ya kongosho, na 2025 shirikisho la kimataifa la kisukari likatangaza "aina ya 5" kwa wale wa utapiamlo wasio na mawe. Ukisoma mtandaoni ukachanganyikiwa, hujachanganyikiwa peke yako.

Turudi kwa kijana. Alikuja, nikamrudisha kwenye insulini, dozi ndogo, na nikamwandikia kapsuli za vimeng'enya. Hapa nina maneno mawili kwa wanaozitumia. Zinamezwa na chakula, tonge la kwanza na nyingine katikati, si saa moja kabla kama dawa ya vidonda vya tumbo. Zikitangulia tumboni peke yake hazina cha kusaga. Hazitafunwi. Wengi wanaanza na uniti 40,000 hadi 50,000 za lipasi (kimeng'enya cha kusaga mafuta) kwa mlo kamili na nusu yake kwa kitafunwa, kisha tunapandisha. Bei inauma, na najua wapo wanaonunua za wiki mbili wakazila mwezi mzima.

La pili watu hawapendi kulisema kaunta. Vimeng'enya hivi vinatoka kwenye kongosho la nguruwe. Nimeona wagonjwa Waislamu wameandikiwa bila kuambiwa, wakaja kusoma kikaratasi nyumbani, wakatupa boksi zima na hawakurudi. Mimi nasema mapema, mlango umefungwa, na namwambia akaongee na shekhe wake kuhusu dharura. Wengi wamerudi na ruhusa, na mmoja alirudi na shekhe mwenyewe, tukakaa saa nzima, akaniuliza maswali bora kuliko ya mtihani wangu wa mwisho. Mmoja alikataa, na tunafanya tunavyoweza: milo midogo mara nyingi, vitamini A, D, E na K. Insulini ya siku hizi hutengenezwa na bakteria au hamira, hiyo msiiingize kwenye ugomvi huu.

Pombe na sigara, kuacha vyote viwili. Sigara watu wanaisahau. Inalichoma kongosho hata bila pombe.

Upandikizaji? Tangu 1977 Minnesota, Marekani, wanaondoa kongosho zima na kuvirudisha visiwa vya mgonjwa mwenyewe kupitia mshipa wa ini. Inafanywa kwa ajili ya maumivu yasiyovumilika, na baadhi hubaki bila sindano, wengine la. Kovu likishakula visiwa vyote hakuna cha kurudisha.

Juzi kaka akanitafuta tena, safari hii bila mikono ya kushukuru. Picha: 12.4. "Daktari, hizi kapsuli zimemharibu. Alikuwa 5. Turudi kwa dawa ya mwanzo?"

Hilo nililijua na nililisema siku ya kwanza, lakini nadhani nililisema haraka, mlangoni. Chakula kikianza kusagwa, sukari inapanda, kwa sababu sasa kinafika. Tunapandisha insulini na maisha yanaendelea. Nikamwambia ampandishe kwenye mizani.

53.

Tukaongeza insulini ya kabla ya mlo kutoka uniti 4 hadi 6. Choo, ameniandikia kwa aibu, sasa kinashuka kwa ndoo moja, na usiku mdogo wake ameanza kuiona njia ya uani bila tochi, maana vitamini A nayo sasa inafika. Lakini ile 12.4 bado ana kinyongo nayo. Jana kaituma tena.